Nyumba ya uzeeni isisubiri mkupuo

Ukipanda daladala la Chanika, Kibamba, Goba au Chamazi, mambo mawili hayakosi kuonekana dirishani. La kwanza ni pagale. Kuta zimefika linta, madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu, na pale palipokusudiwa kuwa sebule umeota mpapai ambao sasa unazaa. La pili ni maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza namba ya simu na onyo la kuogopa matapeli.

Watu wameyazoea maandishi hayo kiasi kwamba hawajiulizi tena yameandikwa kwa ajili ya nani. Tapeli wa mjini yumo, hilo halina ubishi. Lakini ukikaa kijiweni na majirani utasikia habari nyingine: shemeji aliyeleta mteja usiku, mtoto wa kwanza aliyekwisha kupokea fedha ya awali, mume aliyeuza mke akiwa safarini, mke aliyeweka nyumba rehani bila mume kuambiwa. Mara nyingi anayeonywa pale ukutani ni mtu wa ndani.

Na pagale je? Muulize mwenye duka la jirani. Jibu halibadiliki sana: wenyewe wapo kazini, wanasubiri mafao.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mke na mume wanaotaka uzee wa utulivu wanapaswa kumaliza nyumba yao, hata ikiwa ya vyumba viwili, kabla hawajafika miaka 55. Waijenge wawili, na karatasi zisome majina ya wawili. Fedha ya mkupuo waihesabu kuwa ni ya chakula na matibabu, wala si ya saruji na nondo. Wapo watakaosema hayo ni rahisi kuyaandika gazetini kuliko kuyafanya kwa mshahara wa Tanzania. Ni kweli. Ila ile njia iliyozoeleka, ya kuanza nyumba kubwa ujanani na kuimalizia kwa mafao, imekuwa ghali kuliko wengi wanavyokubali.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Kwa watumishi wa umma walio wengi, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Kwa miaka mingi, mtumishi aliyekuwa katika mifuko ya pensheni kama PSPF na LAPF alijua kwamba siku akiondoka atapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Nusu hiyo ndiyo iliyomjengea Mtanzania wa tabaka la kati. Benki iliijua, fundi aliijua, hata muuza mabati aliijua.

Mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Zikatoka kanuni zilizoshusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilizofuata kila mtu anazikumbuka, na Desemba ya mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliozoea nusu.

Asilimia hazisemi kitu mpaka zigeuzwe kuwa shilingi. Tumchukue mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, sawa na miezi 360, na ambaye mshahara wake wa kukokotolea mafao ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani, iliyogawanya kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu, mwalimu huyo angepewa mkupuo wa shilingi milioni 74.4 na pensheni ya 400,000 kila mwezi. Kwa kikokotoo cha 2022, kinachogawanya kwa 580, kuzidisha kwa 12.5 na kutoa asilimia 33, mkupuo unakuwa kama milioni 36.9 na pensheni inafika karibu 499,000. Kwa asilimia 40 ya sasa, mkupuo ni kama milioni 44.7 na pensheni ni karibu 447,000.

Wenye sera wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Pensheni ya kila mwezi imepanda, na mstaafu anayelipwa kila mwezi halali njaa mwaka wa pili kwa sababu alimaliza mamilioni mwaka wa kwanza. Lakini mwalimu wetu alichora ramani ya nyumba yake mwaka 2005 akiwa na milioni 74 kichwani. Vyumba vinne, kimoja masta, sebule mbili, baraza mbele na nyuma. Sasa milioni 30 zimeyeyuka kwenye karatasi, na kuta za vyumba vinne zimesimama palepale zikidai bati.

Aliyewahi kumalizia nyumba anajua fedha huishia wapi. Msingi na kuta huonekana kuwa ndiyo nyumba, kumbe ni mwanzo tu. Baada ya linta kuna mbao za kenchi na bati, kuna plasta ndani na nje, madirisha ya alumini na grili zake, dari ya jipsamu, taili, nyaya za umeme, mabomba, tangi la maji, shimo la choo na karo lake, rangi, ukuta na geti. (Kwa sababu wanazozijua wenyewe, baadhi ya watu huanza na geti. Ziko nyumba ambazo geti lake ni la chuma cha maua na mlango wa mbele ni pazia.)

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hizi haziligusi. Fedha ya mkupuo haifiki peke yake. Inafika siku moja na ada ya mtoto wa mwisho aliye chuoni, na deni lililobaki benki, na ndugu waliopata habari kabla hata mstaafu hajapata ujumbe wa simu. Nyumba inayopangwa kumaliziwa na fedha hiyo inaingia kwenye foleni, na mara nyingi inakaa nyuma.

Kila mtu mkandarasi wake

Sensa ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini. Mengi sana kati yake hayakujengwa na shirika wala kampuni. Yalijengwa na watu wenyewe, kozi kwa kozi, mshahara kwa mshahara. Mwalimu alikuwa msimamizi wa ujenzi siku za Jumamosi. Muuguzi alikuwa mtunza stoo, akihesabu mifuko ya saruji kabla fundi hajaondoka nayo.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi lilijumuisha watumishi wa vyeo vya kati na vya juu. Zaidi ya hapo, lilimhesabu mtu pamoja na mwenzi wake, ili mume asikwepe kwa kuandikisha nyumba jina la mkewe. Mwaka 1971 yakataifishwa majengo yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa watumishi wengi wa kizazi hicho, nyumba ilikuwa ya serikali au ya Shirika la Nyumba la Taifa, na uzee ulikuwa wa kijijini. Chama tawala kililegeza masharti hayo katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikawauzia watumishi nyumba zake nyingi, uamuzi ambao watu wanaubishania hadi leo. Hata hivyo, waliopata nyumba hizo walikuwa wachache wakilinganishwa na waliobaki kutafuta viwanja Kitunda na Mbezi.

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikufa mwaka 1995. Baadaye ikaja sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu. Ni hatua nzuri. Lakini mikopo yote ya nyumba nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake inazungukia asilimia 15 hadi 19. Muuguzi gani atalipa riba hiyo kwa miaka 20?

Kwa hiyo mtumishi hukopa kwa dhamana ya mshahara. Mkopo wa kwanza unanunua kiwanja na kumwaga msingi. Wa pili unapandisha kuta. Wa tatu ulikuwa wa kupaua, lakini mtoto akafaulu kwenda shule ya kulipia na mama mkwe akalazwa. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara wake baada ya makato, na ukizungumza na wahasibu wa halmashauri utaambiwa ni wangapi wanaishi na theluthi hiyo mwaka baada ya mwaka. Hapo nyumba inasimama. Tofali zinapigwa mvua, nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo zinashika kutu, na mbao zilizonunuliwa mapema zinaliwa na mchwa. Pagale la miaka 15 si akiba iliyotulia. Linazeeka pamoja na mwenyewe, na siku ya kurudi kazini fundi ataanza kwa kubomoa.

Waliofanikiwa wana tabia moja inayofanana: walianza na kidogo walichoweza kukimaliza. Chumba, sebule, jiko na choo, vikaezekwa, vikawekwa milango, wakahamia. Kodi waliyokuwa wakimlipa mwenye nyumba kwa miezi sita sita ikageuka tofali za chumba cha tatu. Ramani yao ilichorwa tangu mwanzo ikionyesha wapi ukuta utavunjwa na wapi bati litaungwa. Mtaani wanawacheka kwa "kibanda" chao mwaka wa kwanza. Mwaka wa kumi hawachekwi.

Ipo nyumba ya mfano ambayo yeyote anaweza kwenda kuitazama. Nyumba ambayo Mwalimu Nyerere na Mama Maria waliishi Magomeni, Dar es Salaam, miaka ya kudai uhuru, leo ni makumbusho. Anayetarajia jumba la kifahari atashangaa. Ni nyumba ya kawaida ya mjini, ya mtu aliyeacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 na familia inataka mahali pa kulala. Watumishi wengi wa leo wangeiona ndogo mno kuiita nyumba ya kuanzia maisha.

Mapagale mawili, ndoa moja

Hili ndilo jambo ambalo semina za wastaafu hazilisemi kwa sauti. Katika nyumba nyingi za mijini, mume anajenga na mke anajenga, lakini hawajengi pamoja. Mume ana kiwanja Kigamboni ambacho mke hakijui. Mke naye, kwa fedha za vikoba na biashara ya vitenge, amepandisha kuta Kibaha kwa jina la dada yake. Kila mmoja ana sababu. Mke amemwona shangazi yake akifukuzwa na wakwe siku ya arobaini. Mume amemwona rafiki yake akitoka mahakamani na begi la nguo.

Hofu hizo hazikuzuka hewani. Kanuni za kimila za urithi zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo bado zinatumika kwa jamii nyingi, hazimpi mjane mgawo wa urithi wa mumewe kama marehemu ana ndugu wa ukoo. Mwanamke aliyebeba maji ya kumwagilia zege kwa mgongo wake anaweza kuambiwa nyumba ni ya ukoo. Nani atamlaumu kwa kuficha tofali?

Lakini matokeo yake tunayaona barabarani. Mishahara miwili ambayo ingemaliza nyumba moja inaacha mapagale mawili. Viwanja viwili vinalindwa, mafundi wawili wanaibia pande mbili, mifuko ya saruji inaganda katika stoo mbili. Wanandoa wanafika miaka 60 wakiwa wapangaji, huku kila mmoja akijua siri yake na kukisia ya mwenzake.

Dawa yake ipo kwenye sheria, na ajabu ni jinsi inavyotumiwa kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja wa wanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote inachukuliwa kuwa ya wote kwa usawa. Maana yake ni kwamba jina linaloandikwa siku ya kuomba hati ndilo litakaloamua nani atabeba mzigo wa kuthibitisha miaka 30 baadaye, wakati risiti zimeliwa na panya na fundi aliyekuwa shahidi amehamia Songea.

Mahakama ya Rufani ililigusa jambo hili mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea na kutunza nyumba, nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Hata hivyo, msingi uliowekwa siku ile umewasaidia wanawake wengi waliofuata. Ni faraja, ila ni faraja ya mahakamani, inayopatikana baada ya ndoa kuvunjika na mawakili kulipwa.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa njia iliyo nafuu zaidi. Mume na mke wanaweza kusajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki yote inabaki kwa aliye hai bila kupita kwa wakwe. Umiliki huo umekusudiwa hasa kwa wanandoa. Upo mwingine wa hisa, ambapo sehemu ya marehemu huingia kwenye mirathi yake. Tofauti yake kwenye fomu ni maneno machache. Kwa mjane ni paa juu ya kichwa. Wanandoa wanaokwenda ofisi ya ardhi waulize wazi wanajaza ipi.

Mwanamume anayesoma hapa huenda ananuna. Aulizwe hivi: anajenga nyumba ya kustaafia ili akae na nani? Kama jibu ni mkewe, jina la mkewe linamtisha nini?

Karatasi zenyewe, bila shaka, lazima ziwe za kiwanja kilicho salama. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Miongoni mwa waliosimama kando wakitazama tingatinga walikuwemo wazee waliomaliza kujenga kwa mafao yao na wasiokuwa na mkupuo mwingine wa kungoja. Alama ya X ya kubomolewa haiangalii umri wa mwenye nyumba. Ndiyo sababu fedha ya kwanza, kabla ya tofali la kwanza, iende kwa mpima na kwenye ofisi ya mipango miji.

Nyumba ya magoti ya miaka 70

Tuseme nyumba imekwisha. Je, ni nyumba ya nani? Watu wengi hujenga wakiwa na miaka 35, wenye watoto wanne na magoti yenye nguvu, nyumba watakayoizeekea wakiwa wawili tu. Ngazi sita za kupanda barazani kwa sababu msingi mrefu unapendeza. Bafu lenye taili zinazong'aa na kuteleza. Mlango wa choo mwembamba ambao kiti cha magurudumu hakiwezi kupita. Choo cha kuchuchumaa peke yake, kana kwamba kuchuchumaa hakuna mwisho.

Ghorofa ndilo balaa kubwa zaidi. Mtu anapandisha ghorofa ili mtaa umjue, chumba chake cha kulala kiko juu, na miaka 20 baadaye analala sebuleni kwenye kochi kwa sababu nyonga imegoma. Juu kumebaki popo na masanduku ya harusi. Kodi ya majengo nayo haisahau: tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na kwa viwango vya 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka huku ghorofa mjini likitozwa 90,000 kwa kila sakafu. Mzee ananunua umeme wa kuwasha taa moja na analipia sakafu asiyoikanyaga.

Kwa sababu hiyo, ukarabati unaofanywa kati ya miaka 50 na 60 una maana kuliko upanuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mstaafu ukuta huo utajengwa kwa pensheni ya kila mwezi. Wakati mshahara bado unaingia, bati jembamba lililoshika kutu libadilishwe. Nyaya za umeme za miaka ya 1990, ambazo hazikupangwa kwa friji, pasi na jiko la umeme kwa pamoja, zifumuliwe. Mlango wa bafu upanuliwe, vishikio viwekwe ukutani, ngazi ziwekewe njia ya mteremko. Shimo la choo lililokuwa likijaa kila masika lichimbwe upya, kwa sababu gari la majitaka halikopeshi.

Wakazi wa Dar es Salaam wana ukarabati wao wa pekee. Barabara za mitaa zikijengwa upya hupandishwa kwa kifusi na lami, na nyumba iliyokuwa juu ya barabara mwaka 1985 sasa iko chini yake. Mvua ya Aprili inaingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa wa nyuma. Wapo waliojenga kizingiti cha tofali mlangoni mpaka mgeni anaruka kuingia sebuleni. Kuinua sakafu, kuhamisha milango na madirisha, kuelekeza maji mtaroni, ni kazi ya fedha nyingi inayohitaji mtu mwenye nguvu za kusimama na fundi kutwa nzima. Mzee wa miaka 72 anayemtegemea fundi kwa simu atalipa mara mbili.

Vyumba vilivyobaki wazi baada ya watoto kuondoka vinaweza kufanya kazi. Katika Sinza, Kijitonyama na Ilala, wanandoa wengi wamegawa nyumba kwa ukuta mmoja: upande wanakaa, upande wamefanya chumba na sebule ya mpangaji mwenye mlango na mita yake ya umeme. Wengine wamefungua fremu mbili za duka barabarani. Kodi ya mpangaji mmoja haitajirishi mtu, lakini inanunua gesi na dawa za presha bila kumpigia simu mtoto wa Mwanza. Mtaalamu aliyezoea kuchora majumba mapya huona kazi hii ni ndogo. Kwa mstaafu ina thamani kuliko sebule ya pili.

Mjini au nyumbani?

Kuna nyumba nyingine inayokula mshahara wa wanandoa wa Tanzania: ile ya kijijini. Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa magari ya watu wanaokwenda kufungua nyumba zilizofungwa tangu Januari. Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la Wachaga, kuna nyumba ya vyumba vitano yenye bati la rangi, na ndani yake anaishi mlinzi. Hali si ya Wachaga pekee. Bukoba na Mbeya ni hivyohivyo.

Anayeijenga hasemi uongo anaposema mtu hawezi kukosa kwao. Heshima ina bei, na mazishi yana mahali pake. Lakini wanandoa wajiulize kwa utulivu watazeekea wapi, kwa sababu mshahara wa wawili hauwezi kumaliza nyumba mbili nzuri. Mke ana kwao, mume ana kwao, na watoto wamezaliwa Tabata. Mtumishi mstaafu aliyekuwa mwanachama wa bima ya afya ya NHIF huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake, jambo ambalo ni neema kubwa. Hata hivyo kadi hiyo haina faida kubwa kama hospitali yenye kipimo cha moyo iko umbali wa saa tatu kwa bodaboda na basi. Wengi waliohamia kijijini wakiwa na miaka 60 hurudi mjini wakiwa na 68, wakafikia kwa mtoto, chumba cha nyuma.

Rai hapa ni chumba kimoja kwa kijiji na nyumba kwa mahali watakapoishi, popote watakapokubaliana. Kama ni kijijini, basi kiwe kijijini kweli, na kile kiwanja cha Goba kiuzwe sasa kimalizie nyumba ya Rombo. Uamuzi huo ni mgumu kwa sababu unahitaji watu wawili kukaa mezani na kuambiana ukweli kuhusu kifo, wakwe na fedha. Ndoa nyingi hufika uzeeni bila mazungumzo hayo kufanyika hata mara moja.

Serikali nayo haijamaliza kazi yake

Si haki kuwaachia wanandoa mzigo wote. Kenya, ambako umri wa kustaafu serikalini nao ni 60, tangu 2020 imewaruhusu wanachama wa mifuko ya pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yao, isiyozidi shilingi za Kenya milioni 7, kununua nyumba kabla ya kustaafu. Yapo malalamiko kuhusu masharti, hasa kwamba ni ya kununua nyumba kuliko kujenga mwenyewe. Lakini wazo lenyewe lina akili: fedha inaingia kwenye nyumba mtu akiwa na miaka 45, wakati anaweza kumkagua fundi na kupanda juu ya kenchi.

Tanzania ingeweza kwenda mbele zaidi, kwa sababu wananchi wake hawanunui nyumba, wanajenga. Mwanachama wa PSSSF au NSSF aliyechangia miaka 15 angepewa sehemu ya stahili yake kwa awamu, awamu ya kuezeka ikitoka baada ya mkaguzi kuona linta, kwa sharti kwamba hati ina majina ya mume na mke. Kibali cha ujenzi cha nyumba ndogo kingetoka haraka na kwa bei nafuu, na halmashauri zingekuwa na ramani za bure za nyumba inayokua, ya vyumba viwili leo na vinne baadaye.

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ongezeko hilo linaweza kuishia kwenye mkopo mwingine wa miezi 84, au linaweza kugeuka bati. Mifuko ya hifadhi ya jamii huwaita wastaafu watarajiwa kwenye semina mwishoni mwa utumishi wao, kuwafundisha ufugaji wa kuku na kuwaonya kuhusu matapeli. Wakati huo jamvi lilikwisha kumwagwa, au halikumwagwa. Semina hizo zihamishwe ziwafikie watumishi wa miaka 35, na barua ya mwaliko iandikwe kwa mume na mke wote wawili.